Tangi Lisilovuja

Maji yalikuwa yamepungua kwa upana wa kidole, na magazeti yalikuwa makavu.

Fundi alipiga magoti akayapapasa moja moja. Alikuwa ameyatandaza chini ya tangi la samaki na pande zake zote, kama afanyavyo kila anayeijua kazi hiyo, kwa sababu gazeti halifichi siri: tone moja likidondoka, doa huonekana. Hapakuwa na doa. Alipitisha kidole kila pembe ambapo kioo kilikutana na kioo. Gundi ya silikoni ilikuwa imeshika vizuri, laini kama ufizi wa mtoto, na harufu yake ya siki ilikuwa imekwisha.

"Yamekauka kwa joto," akajiambia, akaongeza ndoo moja.

Kazi yake ilikuwa vioo. Alikata vioo vya madirisha ya watu, akapachika vya madukani, na kwa miaka mingi alitamani kujenga kitu chake mwenyewe. Duka moja la viatu lilipobomolewa, aliomba vioo vyake vinene vya mbele, akavikata, akasugua kingo kwa jiwe mpaka zikaacha kuuma vidole. Tangi lilipokamilika lilikuwa refu kuliko mtu aliyelala. Jirani alikuja kulitazama akashika kiuno.

"Bwana wee, samaki wako watalala pazuri kuliko mimi! Nipangishie basi kona moja humo. Mimi sikoromi."

Meza ya chuma iliyolibeba tangi hilo, zamani ilikuwa kitanda cha mama yake Fundi.

Bi mkubwa huyo alipooza upande mmoja wa mwili, akalazwa katika chumba hicho hicho cha tangi mpaka alipofariki. Baada ya mazishi Fundi alichoma godoro, akapaka kuta chokaa, akakata kitanda na kukiunga upya kiwe meza. Mkewe alisimama mlangoni akitazama cheche.

"Kitanda cha mama, kweli?"

"Chuma ni chuma. Unataka kioze uani?"

Mkewe akanyamaza. Kunyamaza alikuwa amejifunza siku ya msiba, pale wifi yake, dada yake Fundi, alipotoka kumwosha marehemu akasema mbele ya watu wote: "Midomo ya mama yangu imepasuka kama tope la kiangazi. Mtu alikuwa anamtunza, au alikuwa anamsubiri afe?" Macho yote yakamgeukia yeye, mkwe. Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani kushona aliacha jagi la maji limejaa juu ya stuli, pale mkono mzima wa mgonjwa ulipofika, na kila jioni alilikuta nusu. Mchana Fundi ndiye aliyekuja nyumbani kula na kumwangalia mama. Basi mkewe alimtazama Fundi, aseme neno. Fundi alikuwa anatazama viatu vyake.

Tangu siku hiyo ndugu wa mume walimpa mkono huku wanatazama pembeni.

Samaki waliletwa ndani ya mifuko ya plastiki. Fundi aliiacha mifuko ielee juu ya maji kwanza, ili baridi ya ndani na ya nje zilingane, kisha akaifungua taratibu. Kokoto zilikuwa zimeoshwa, majani yamesimama, pampu ya hewa inatoa mapovu. Samaki wadogo wa rangi ya machungwa waliingia, wakazunguka mara moja, wakakimbilia kona ya miguuni na kubanana humo kama abiria waliokosa viti. Upande wa pili, pale palipokuwa mto wa kulalia, hakwenda hata mmoja.

"Watazoea," alisema Fundi.

Hawakuzoea. Maji nayo yaliendelea kupungua, na si usiku, kama mtu ambavyo angedhani. Yalipungua mchana, saa ya jua kali, watu wakiwa kazini na nyumba imetulia. Kisha ikaja harufu. Mkewe aliisikia kwanza, akafungua madirisha, akadeki kwa sabuni, akadeki tena. Ilikuwa harufu ya godoro lililokojolewa na kuanikwa juani. Godoro lenyewe lilikuwa majivu zamani.

Siku moja mashine za kiwandani zilizimika kwa kukosa umeme, mkewe akarudi mapema. Alimkuta Fundi amekaa sebuleni, sahani ya chakula mbele yake haijaguswa, ameziba masikio kwa viganja.

"Una nini?"

"Shh! Sikiliza."

Katika chumba cha tangi kitu kilikuwa kinameza. Gu. Gu. Gu. Kikapumzika, kikavuta pumzi kama mtu mzee, kikameza tena.

"Ni pampu," alinong'ona mkewe.

"Umeme hakuna," alinong'ona Fundi.

Aliinuka akaenda, maana mwanamume ndani ya nyumba yake hawezi kukaa tu, akasukuma mlango kwa ncha ya kidole na kuona chumba kikiwa cheupe kwa jua, hakuna mtu, samaki wamejikunja konani, na upande wa mto maji yakishuka mbele ya macho yake, gu, gu, gu, hayatikisiki wala kupiga povu, yanakwenda tu, na juu kidogo ya maji, kwenye kioo alichokipangusa asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, alama ya midomo miwili ilikuwa imebaki kwa ndani, midomo iliyopasuka mistari mistari, nayo ilifumbuka, ikafumba, ikafumbuka, kama ya mtu aombaye kitu ambacho amekwisha kukiomba mara nyingi. Akakumbuka jagi.

Alikuwa amechoka kubadilisha shuka, hivyo tu. Kila mchana mama alilowanisha godoro, na kila mchana yeye ndiye aliyekuwepo. Basi akawa, asubuhi mkewe akishatoka tu, analitoa jagi kwenye stuli, analiweka juu ya kabati. "Tone tu, baba," mama alisema, kwa maana tangu utotoni alimwita mwanawe baba. "Tone tu." Jagi lilikuwa linaonekana vizuri kutoka kitandani. Jioni, kabla mkewe hajarudi, alimwaga nusu kwenye sinki na kulirudisha mahali pake.

Hakumwambia mtu. Alifunga mlango, akarudi sebuleni, akasema ni panya.

"Panya wa kunywa ndoo nzima?" Mkewe hakupaza sauti. "Baba, mimi nimechukua lawama za nyumba hii. Shetani wake simchukui. Namwita mjomba wangu. Ukikataa, naondoka."

Mjomba alikuja na kandambili na mfuko wa plastiki, mtu mnene mwenye kucheka, ambaye alikuwa amesomea watu wengi wenye mashetani na hakujidai kwa hilo. Alitaka waliopaswa kumhudumia marehemu wawepo wote, kwa hiyo dada yake Fundi akaitwa naye. Mjomba alifukiza ubani mpaka macho yakawasha. Harufu ya godoro ikazidi.

"La kuvunda halina ubani," alisema, akakizima chetezo. Alikaa sakafuni, akafumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Alipofumbua hakuwa anacheka tena.

"Huyu si mama yenu. Mama yenu ameshapumzika, hana haja na maji ya samaki. Huyu ni jini aliyekaa naye. Mgonjwa akiachwa peke yake mchana kutwa hupata mwenzi, na mwenzi huyu alikuwa anakunywa kile anachokunywa yeye. Mama amekufa na kiu ikabaki kwa huyu."

"Anataka nini?" aliuliza dada mtu.

"Haki yake, na ni kitu chepesi. Aliyemnyima mama maji amnyweshe kwa mkono wake, aseme mbele yetu alichofanya. Akisema, huyu hana dai, anakwenda zake."

Dada mtu alimgeukia wifi yake papo hapo. "Haya, wifi. Si wewe?"

Mkewe Fundi alichota kikombe kilichojaa, akakishika juu ya maji, upande wa mto. "Mama, niliacha jagi limejaa kila siku. Kama nilikosa, sijui. Nisamehe hata nisilolijua."

Walisubiri. Kikombe kilibaki kimejaa.

"Si yeye," alisema mjomba.

Ikawa zamu ya dada mtu. Alikichukua yeye. "Mimi... mimi sikuja kumwona. Nilikuwa nasema wiki ijayo, wiki ijayo." Machozi yalimtoka. Kikombe kilibaki kimejaa.

"Si yeye."

Kikombe kikaenda kwa Fundi. Mkewe alimtazama kama alivyomtazama siku ile ya msiba, akingoja neno. Fundi alikishika. Kabla hajafungua kinywa, kabla hata hajaunyoosha mkono vizuri, maji ndani ya kikombe yalianza kushuka, gu, gu, gu, mpaka kikawa kikavu.

"Sema, mwanangu," alisema mjomba kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kutembea. "Neno moja tu. Ameshakusogelea."

Fundi alikitazama kikombe. Alimtazama dada yake, akamtazama mkewe. Alikigeuza kikombe juu chini.

"Kinavuja hiki," alisema.

Wote wanne walitazama sakafu. Ilikuwa kavu kabisa.

Mkewe hakupiga kelele. Alikwenda chumbani, akatoka na begi na mkasi wake wa kushonea. Dada mtu alimfuata mpaka barabarani, analia, anamwita "wifi yangu, wifi yangu", anataka kumbebea begi. Mjomba alikuwa wa mwisho kutoka. "Sikulaani," alimwambia Fundi mlangoni. "Lakini mimi siwezi kuyasema kwa niaba yako."

Samaki Fundi alimpa jirani. Tangi bado lipo. Aliwahi kulivunja kwa nyundo na kutupa vipande, na mchana uliofuata aliamka kitandani kwake, koo limekauka, mkono hauinuki, na jagi lake liko juu ya kabati, linaonekana vizuri. Akajenga lingine, juu ya meza ile ile.

Wapita njia humwona kila mchana akiacha kazi na kukimbia nyumbani na ndoo, husema, "Yule bwana anapenda samaki, jamani!" Naye humimina, hugeukia ukuta, husikia nyuma yake koo likimeza. Likitulia, husubiri. Mama yake, hata kwa funda moja, hakuacha kusema, "Ahsante, baba."

Huyu hajashukuru hata siku moja. Husema tu, "Bado."