Kiti cha Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maribeth Orsak alikaa kwenye ngazi za mbele ya nyumba akiwa na saa mkononi, akimhesabia mama yake dakika za kukimbia. Mama alizunguka mtaa mara sita. Katika mtaa ule wa Clear Lake, pembeni mwa jiji la Houston, karibu kila nyumba ilikuwa na mwanaanga kama yeye. Kwa hiyo hakuna jirani aliyeshangaa kumwona mwanamke wa miaka arobaini na sita akikimbia kama anayefukuzwa na mbwa.

Mama yake, Darlene Orsak, alikuwa mtaalamu wa miamba na mwanaanga. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewafundisha wengine, amewaongoza kwa redio na kuwapungia mkono walipoondoka. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda juu hata siku moja. Sasa walikuwa wakichaguliwa watu wanne wa kwenda Mwezini. Watatu walishajulikana kwa minong'ono. Kiti cha nne kilitaka mtu wa miamba, na waliobaki walikuwa wawili: Mama na jirani yao, Bwana Beaudry.

Asubuhi moja ya mwezi Machi, katika mzunguko wa tano, Mama alishika sanduku la barua la jirani lililosimama kando ya barabara, akateremka taratibu mpaka akakaa kwenye majani.

"Mama!" Maribeth alikimbia.

"Usipige kelele. Ni kizunguzungu tu, kitatulia."

"Hii ni mara ya tatu."

"Najua, na mimi nahesabu." Mama alifumba macho. "Sikiliza, Mari. Asiambiwe mtu. Hata Bibi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Wanaanga walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyewafundisha. Walisema ukiingia kwa daktari wa kazini, utatoka kama ulivyoingia au utatoka umepunguziwa safari. Hakuna aliyetoka na nyongeza. Hivyo aliyeumwa alitafuta daktari wa mbali asiyemjua. Jumamosi ile Mama aliendesha gari hadi mji wa Beaumont. Alijiandikisha kwa jina la ukoo wa kwao, la kabla hajaolewa.

"Kazi yako, mama?" mhudumu aliuliza.

"Mwalimu wa jiografia."

Maribeth aliangalia viatu vyake.

Daktari alisema ni ugonjwa wa sikio la ndani, sehemu inayomsaidia mtu kusimama bila kuyumba. Alimwambia Mama apunguze chumvi. Aliongeza kwamba anaweza kukaa miezi mingi bila dalili, kisha ugonjwa ukamwangusha siku asiyotarajia. Njiani kurudi Mama alinunua vitumbua vya kuoka vya jamu, akamega kimoja huku akicheka.

"Umemsikia? Miezi mingi!"

"Amesema pia utakuangusha."

"Ala! Masikio yako nayo ni mazima mno," Mama alisema. Hakucheka tena.

Shuleni, Trent Beaudry alikuwa akitamba tangu wiki iliyopita. "Baba akienda Mwezini atakuletea kijiwe," alimwambia Maribeth mbele ya wenzao. "Umpelekee mama yako akililie."

"Baba yako anakoroma mpaka sisi tunamsikia," Maribeth alijibu. "Wenzake watamshusha njiani."

Darasa zima liliangua kicheko. Siku nyingine Maribeth angefurahi. Siku ile aliinama akafungua daftari lake.

Jumanne, Daktari Pruitt wa kikosi cha wanaanga alifika nyumbani. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani mizito, na kazi yake ilikuwa kuzungumza na familia za waliobaki. Alimwomba Mama atoke kidogo, akakaa jikoni na Maribeth.

"Kule watatembea wawiliwawili," alisema. "Mmoja akianguka, mwenzake ndiye gari la wagonjwa. Hakuna mwingine wa kuitwa. Basi mimi huwauliza watoto, maana wakubwa wa mtaa huu wote ni wazima kama chuma. Umewahi kumwona mama akiyumba? Akishika ukuta?"

Dirishani Maribeth alimwona Mama amesimama kwenye waridi zake na mkasi wa bustani. Mkasi haukukata kitu.

"Hapana, Daktari."

"Asante, binti." Akaandika.

Usiku na mchana jibu lile lilimkaa Maribeth kifuani. Alhamisi Mama alirudi kutoka kwenye bwawa la mazoezi ya wanaanga akiwa na nywele zilizolowa na uso uliojaa tabasamu.

"Mambo yanaiva, Mari! Mkuu wa kikosi mwenyewe kanisimamisha kunisalimu."

"Mama, atakayetembea na wewe kule ni nani?"

"Kijana mmoja, Sorensen. Kwa nini?"

"Ana watoto?"

"Mmoja. Wa miaka miwili."

Maribeth akaangua kilio. "Mimi nilimwambia daktari hapana! Aliniuliza uso kwa uso nikasema hapana. Ukianguka kule, na huyo akafa akikubeba, mimi ndiye niliyesema hapana!"

Mama aliweka mkoba chini. Alimkumbatia hadi kilio kikaisha.

Kesho yake hakukimbia. Alivaa nguo za kazini, akaenda mwenyewe kwa Daktari Pruitt kumweleza yote, hata safari ya Beaumont. Saa sita kasoro alikuwa amesharudi nyumbani. Hakufutwa kwenye safari ile tu. Alifutwa kwenye safari zote.

"Daktari alivua miwani," alisema. "Jina langu lilikuwa limeshaandikwa, Mari. Wangenipigia simu leo mchana."

"Kwa hiyo ningenyamaza..."

"Wangenipigia simu."

Wiki mbili baadaye wanne walisimama jukwaani kwa nguo zao za buluu, na wa nne alikuwa Bwana Beaudry. Trent alipeperusha bendera ndogo. Mama alipiga makofi mpaka watu wote walipoacha. Nje, kwenye maegesho, alifungua mlango wa abiria akaingia kumsubiri Bibi, mama yake, maana hata usukani alikuwa amekatazwa kuushika.

Maribeth alikaa kiti cha nyuma. "Itakuja nafasi nyingine, Mama?"

"Hapana," Mama alisema. "Haitakuja. Sitakudanganya tena."

Alitazama mbele, watu walikokuwa wakipiga picha.

"Kuugua si kosa langu. Hakuna anayeomba kuugua. Kosa langu ni kuficha, kisha nikakuacha wewe, mtoto wa miaka kumi na miwili, uubebe uongo wangu. Mwili ukiuma, mwambie anayepaswa kujua. Mwambie mapema, hata kama unajua atakunyang'anya unachokipenda kuliko vyote. Mimi nimenyang'anywa. Lakini Sorensen atatembea na mtu anayeweza kumbeba."

"Unajuta?"

"Kila saa," Mama alisema. "Na wakiniuliza leo, nitawaambia yaleyale."

Bibi alikuja, akawasha gari. Walipokuwa wakitoka, Mama aliteremsha kioo akampungia mkono Bwana Beaudry, kama alivyokuwa amewapungia wengine wote.