Shwari Nyuma ya Pemba

Kilonzo alikutana na Linet kwenye foleni ya duka kubwa pale Ukunda, yeye kikapu kimejaa pakiti arobaini za biskuti, Linet nyuma yake ndani ya sare ya hoteli iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe.

"Kaka, unalisha jeshi?"

"Ni za safari. Mimi baharia."

"Mkamba baharia? Kuogelea unajua?"

"Ndiyo maana nanunua biskuti, si nguo za kuogelea."

Linet akacheka, na keshia naye. Baada ya miezi minane ikawa imebaki ntheo tu, wale mbuzi watatu ambao Mkamba asipowapeleka kwa wakwe hana mke, hata awe na watoto kumi. Wajomba wa Linet wa Mackinnon Road walishaitwa mara moja, Kilonzo akawa yuko baharini, wakarudi wamenuna. Sasa wameitwa tena, Jumamosi.

Jumatano, yoti ya Kapteni Rai, mashua ya matanga aliyoajiriwa Kilonzo, ilikuwa ikirudi kutoka Ngazija. Dhoruba moja imewapita, ya pili inakuja kutoka kusini. Wakajificha nyuma ya Pemba. Magodoro yalilowa, sufuria zikafungwa kwa kamba, Kilonzo akala biskuti amekumbatia mlingoti kana kwamba ndio mchumba. Kapteni alikuwa na amri moja: aliye nchi kavu haambiwi dhoruba mpaka nanga itiwe nyumbani. Basi kila asubuhi Kilonzo alipiga simu na kusema kuko shwari kabisa, wanapumzika tu.

Linet naye alikuwa akiifuata yoti kwenye ramani ya simu. Siku tatu ile nukta nyekundu haikusogea. Diani jua linawaka, watalii wamejianika mchangani. Ijumaa akamuuliza huyo mwanamke wa Pemba anaitwa nani. Kilonzo alidhani ni utani wao wa kila siku, akajibu kwamba jina hajalishika bado, ila pilau anaijua. Simu ikakatika. Akalaumu mtandao.

Jumamosi alfajiri upepo ukapungua, wakapenya katikati ya dhoruba mbili. Saa tisa mchana walitia nanga Msambweni. Kilonzo akapiga simu, shati limekauka chumvi.

"Wajomba wamefika?"

"Wamefika, wameondoka. Niliwaambia hakuna mtu wa kungojwa."

Akamweleza yote: dhoruba, magodoro, amri ya kapteni, kwamba mwanamke hakuwapo, wala pilau.

"Nakuamini," alisema Linet. "Lakini ulisema shwari."

"Sikutaka uogope, mpenzi."

"Ningeogopa, Kilonzo. Na ningekungoja."

Akamsihi awaite tena, atawafuata yeye mwenyewe hata kwa miguu. Linet alisema wazee walimuuliza mara mbili kama ana hakika, naye akaitikia mara mbili, na neno la namna hiyo halitolewi upya kila meli inapofika. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ile ya mapokezi, anayowaagia wageni wa hoteli.

Kisha akamtakia usiku mwema, saa tisa na nusu mchana.