Aliyekaribishwa Alfajiri

Kigoda kililia, kama kinavyolia mtu mzito akikikalia. Thacienne akageuka kutoka kwenye daftari lake. Hakukuwa na mtu.

Alikuwa ameitikia hodi. Hilo ndilo kosa, tuliseme mapema. Sote tumelelewa hivyo: ukisikia hodi, mdomo unasema karibu kabla kichwa hakijauliza nani. Na alfajiri ile, pale kwake Ilembo, kabla hajaenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga anakofanya kazi, Thacienne alikuwa katikati ya sentensi. Hodi ikaja mlangoni, sauti nyembamba, yenye adabu. "Karibu," akasema, kalamu haijainuka.

Kuandika alijiapia siku waliyoanua matanga ya mama yake. Kila siku, neno moja la mama. Mama yule alikuwa na ulimi wa pilipili, na Thacienne, aliyejifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia maandazi, hakutaka hata tusi moja lipotee. "Nikiugua naandika," aliapa. "Ikinyesha mvua ya mawe, naandika."

Kesho ya alfajiri ile ya hodi, ukurasa wa jana ulikuwa mweupe. Ukipapasa, mikwaruzo ya kalamu unaisikia, wino hakuna. Akailaani kalamu, akanunua nyingine. Alipoandika tena, ikamjia harufu ya nywele zilizoungua, na kigoda kikasogea nyuma yake, taratibu, kama mtu anayetaka kuona vizuri.

Jioni mumewe, Damiano, alirudi na bodaboda yake akicheka. "Leo nimebeba abiria ana mdomo kama mama mkwe! Si unakumbuka alivyonipa siku ya posa?"

"Alikupa nini?"

"Acha utani. Jana tu umeliandika neno lake ukanisomea."

"Damiano. Alisema nini?"

"Kwamba nimekuja kuoa na shati la kuazima, na mwenye shati ananisubiri nje."

Thacienne alisikiliza kama anayesimuliwa mama wa watu. Damiano akaacha kucheka.

Kila alichoandika kililiwa, karatasini na kichwani, na bado kila alfajiri alikaa, na kila alipokaa pumzi ilimpuliza shingoni, ya moto, yenye ile harufu, na midomo asiyoiona ikafuatisha silabi zake moja moja, ikinyonya kama mtoto anyonyavyo mfupa wa kuku, hata asubuhi moja akafumba macho aitafute sura ya mama yake, pengo lake, lemba lake, akaona kigoda tu, na juu ya kigoda giza limekunja miguu.

"Acha kuandika," Damiano alinong'ona. "Usimlishe."

Wakamwita mzee Lyamba, mganga wa Kasokola. Akanusa hewa, akagoma kuvuka kizingiti.

"Huyu simtoi," akasema kwa sauti ya chini. "Hajaingia kwa wizi. Alikaribishwa, na mgeni huondolewa na aliyemkaribisha. Mwanangu, funga daftari. Njaa itamtoa."

"Na mama yangu?"

"Vilivyoliwa havirudi."

"Na vilivyobaki nisipoviandika vitanitoka vyenyewe. Yaani nimzike mama mara ya pili ili jini likonde? Mzee, shika njia yako. Na wewe Damiano, usiniangalie hivyo."

Alfajiri iliyofuata alikaa, akakuna kichwa. Lilikuwa limebaki neno moja tu ambalo hajaliandika. Binamu mmoja aliwahi kuja kwao kusalimia, akanogewa na wali, akasahau kwao. Siku ya tatu mama alimsimikia jembe katikati ya magoti.

Thacienne hakuliandika. Aliinuka, akachukua jembe mlangoni, akalitupa juu ya kigoda.

"Mgeni siku mbili," akasema. "Ya tatu, jembe. Wewe siku zako zilikwisha zamani. Nenda kalime."

"Mimi ni mgeni wako," sauti nyembamba ikasema sikioni mwake.

"Ulikuwa. Kwetu mla bure hatuna."

Jembe likainuka. Likaelea kwenda mlangoni, polepole, kwa kinyongo, mpini ukikwaruza ukuta, na punde nyuma ya nyumba ardhi ikaanza kupigwa, tii, tii, tii, haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote, na mbwa wa mtaa mzima wakanyamaza, na Damiano akajifunika shuka gubigubi hadi jua lilipotoka na ule mlio ukakatika ghafla.

Uwanja wote wa nyuma ulikuwa umelimwa. Matuta yamenyooka kama kamba. Katikati ya matuta, nyayo za kwato. Jembe halikuonekana.

Siku hiyo aliandika habari ya jembe. Kesho yake wino ulikuwepo. La shati aliliandika upya, kwa kinywa cha Damiano. Mengine yalikwisha kuliwa, na hakuna aliyemrudishia. Lakini sura ya mama, ambayo hakuwahi kuiandika, ilirudi, pengo na lemba lake.

Hajaruka siku hata moja; maneno ya mama sasa huyaokota kwa waliomjua. Na asubuhi ya juzi, yuko katikati ya sentensi, mlangoni pakasikika sauti nyembamba, yenye adabu:

"Hodi."

Thacienne alimaliza sentensi. Akaweka nukta.

"Jembe langu umelileta?"

Harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango. Kisha kitu cha chuma kikawekwa kizingitini, polepole.

"Liache hapo hapo," akasema, akafungua ukurasa mpya.