Reli ya Kimeu Chini ya Dari

Haya yalitokea nyumbani kwa dada yangu Mbinya, huko Kilungu, na mengi niliyaona kwa macho yangu. Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu. Nilipanda kutoka Mukuyuni na kikapu cha ndizi, nikakuta nguo zimeanikwa, kuku wanaparura uani, na mume wa dada yangu, Kimeu, mtu mzima mwenye kipara na cheo ofisini, yuko juu ya ngazi anacheza na gari-moshi.

Si utani. Alikuwa ameagiza gari-moshi la kuchezea kwa simu, na sasa alitaka reli yake izunguke sebule nzima, juu ya milango na madirisha, shubiri moja chini ya dari. Alikuwa ametoboa hata ukuta, ili gari liingie chumbani kwa binti yake Kavindu na kurudi sebuleni kwa tundu la pili. Bomba la nyumba hiyohiyo lilikuwa limepasuka tangu Pasaka, na dada yangu alikuwa akibeba maji kwa mtungi. Hilo halikumuumiza kichwa. Kuna wanaume wakishapata pesa kidogo wanarudi utotoni, na huyu alirudi akiwa na pimamaji mkononi.

Rafu ya kwanza alikuwa ameijenga kwa plaiwudi. Ukungu wa Kilungu ukaingia, plaiwudi ikapinda, injini ikaanguka. Sasa fundi Muindi alikuwa akimpokeza mbao nyingine, nene, za mukau, zilizong'aa kwa kuguswa miaka mingi. Nilizitambua mara moja. Zilikuwa mbao za kitanda cha marehemu mama yake Kimeu.

Kwenye ukoo wao kitanda cha nyanya hakivunjwi ovyo. Kinamngoja mjukuu aliyepewa jina lake. Mtoto akianza kung'oa meno anakilalia usiku mmoja, na baada ya hapo kinakuwa mbao tu, mfanyie utakavyo. Kavindu alikuwa na miaka sita na jina la huyo susu yake, nyanya mzaa baba, na Kimeu mwenyewe alimwita "mwaitu", yaani mama, kama Mkamba yeyote anavyomwita binti mwenye jina la mamake. Jino lake la kwanza lilikuwa limeshaanza kulegea. Angengoja kidogo tu, lakini gari-moshi lilikuwa na haraka.

"Shemeji," nikamuuliza, "mtoto ashalalia hicho kitanda?"

"Wayua, sisi ni watu wa kanisa," akanijibu bila kuangalia chini. "Mukau kama hii huwezi pata hata Malili."

Nikamgeukia fundi. "Na wewe Muindi, hukujua hii ni kitanda ya nani?"

"Mimi ni fundi tu, mama. Naambiwa kata, nakata."

Alikuwa amebeba jeneza la mwenye kitanda, tena upande wa mbele. Akamaliza chai yake, akakata. Na kwa kuwa gari-moshi haliwezi kupinda kona ya mraba, zile mbao za kichwani akazikata duara. Kitanda hicho kisingeunganika tena.

Jumapili baada ya ibada tuliitwa kutazama. Gari likazunguka sebule, likaingia kwenye tundu. Halikutoka upande wa pili. Kimeu akaenda chumbani, akalikuta limesimama kwenye reli, juu ya kitanda cha mtoto. Akafuta reli, akalisukuma, likaenda. Mzunguko wa pili likasimama palepale. Akalaumu waya, akalaumu vumbi, mwishowe akamlaumu Mbinya kwa kufagia.

Kavindu alikuwa ameegemea mlango. "Kinanipitia mbavuni," akasema.

"Nini, mwaitu?"

"Hicho kitu chako. Kinanipitia mbavuni, mwana wakwa."

Mwana wakwa ni mtoto wangu. Alikuwa akimwambia babake. Kimeu akacheka hadi akajipangusa macho.

Kuanzia hapo mtoto alikataa sukari kwenye uji. Alitembea akishika ukuta. Wenzake walimwita nje wakacheze, akawatazama kama watu asiowajua. Mbinya alinipigia simu akinong'ona. "Wayua, kuja. Huyu mtoto ananiangalia kama mimi ndiye mgeni. Naogopa ataenda asirudi." Alikuwa amemwomba mumewe ang'oe rafu. Bwana mkubwa akajibu kwa kuongeza stesheni ya kadibodi.

Nilifika Jumamosi iliyofuata. Tukala mchana. Mtoto akalazwa. Kimeu akawasha gari lake, nasi tukaosha vyombo.

Mbinya akaenda kumwangalia mtoto. Akarudi haraka. Kitanda kilikuwa kitupu.

Tukatazama chini ya kitanda. Tukatazama chooni. Tukatazama nyuma ya nyumba. Tuliporudi sebuleni, Kimeu alikuwa amesimama katikati, kichwa kimeinuka, mdomo wazi.

Kavindu alikuwa juu ya rafu.

Amelala ubavu. Uso ukutani. Magoti yamekunjwa, kiganja chini ya shavu. Rafu haikuzidi upana wa mkono wangu. Ngazi ilikuwa imefungiwa stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kimeu. Na hivyo, uso ukutani, ndivyo mama mkwe wa dada yangu alivyokuwa akilala miaka yake ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kujigeuza.

"Msimshtue," Mbinya akanong'ona.

Injini ilikuwa imesimama miguuni pa mtoto. Kisha ikasogea. Kidogo. Ikamgusa nyayo.

"Zima, mwana wakwa," akasema bila kugeuka. "Nimechoka."

"Nimezima, mama," Kimeu akajibu. Sauti ilikuwa ya mvulana. Waya ulikuwa mkononi mwake, umechomolewa.

Injini ikasogea tena.

Tulimshusha kwa ngazi, mzito kuliko mtoto wa umri wake. Kimeu aliing'oa rafu yote siku hiyohiyo, akilia waziwazi, na sikumhurumia hata kidogo. Mbao zikapangwa juu ya matofali chumbani kwa mtoto, zimekatwakatwa, hazikai sawa. Tukaweka godoro. Kavindu akalala hapo, mamake akiwa pembeni. Asubuhi aliamka na jino mkononi, akalia, akataka chai yenye sukari nyingi, akamwita Kimeu baba. Dada yangu alipiga magoti sakafuni akashukuru, na mimi pia nilishukuru.

Kisha tukatazama ukuta. Pale rafu ilipokuwa palikuwa na alama nyeusi yenye mafuta, kama ile inayobaki kando ya kitanda ambapo kichwa cha mtu kimesugua ukuta miaka mingi. Ilizunguka sebule nzima, ikapita kwenye tundu, ikazunguka chumba cha mtoto. Nyumba ilipakwa rangi mwaka jana. Rafu hiyo haikukaa hata mwezi.

Tulipaka rangi upya. Sebuleni alama haikurudi. Chumbani kwa mtoto ilirudi, chini, usawa wa mto wake. Mbinya akahamishia kitanda ukuta wa pili, nayo ikahamia huko. Sasa Kavindu analala na mamake, na kila asubuhi Mbinya humwita kwa jina na kungoja kusikia atamwitikia vipi.

Kimeu anasema ni unyevu. Juzi niliukwaruza huo unyevu wake kwa kucha. Juu ya rangi mpya zilikuwa zimenata nywele fupi, ngumu, mvi tupu. Nikampelekea kwenye kiganja. Akazigeuza kwa kidole, akaniuliza kama si za paka.

Nyumba hiyo haijawahi kuwa na paka.