Kitazamio cha Salha

Mjusi alikuwa ametulia ukutani, juu ya dirisha la jikoni, na Salha alimtazama kwa sekunde moja na nusu. Haikuhitajika zaidi ya hapo. Kitazamio kilichobanwa kando ya jicho lake la kulia, kidogo kama punje ya hindi, kilipima mboni zinaelekea wapi, kikamtambua mjusi, kikaanza kumnong'oneza mtoto sikioni: huyu ni mjusi wa nyumbani, anakula mbu na nondo, vidole vyake vina vinyweleo vidogo mno vinavyoshika ukuta, akibanwa huuacha mkia na mwingine ukaota. Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Ilipomaliza, Daftari la Macho likaandika lenyewe: mtazamo mmoja kamili.

Salha akashusha macho kwenye bakuli lake la uji. Tangu alipoamka, huo ulikuwa mtazamo wa nne.

Mama yake, Mhandisi Zamoyoni, aliiona namba hiyo kwenye kibao chake cha kioo akakunja uso. Yeye ndiye aliyekibuni Kitazamio, kwa miaka tisa ya kukosa usingizi na kula vilivyopoa. Katika Dodoma ya siku hizo, ambako ghorofa zilipakwa rangi ya kunyonya jua na roboti wa usafi walipishana na watu barabarani bila kugombana, familia nyingi zilikuwa zikisomesha watoto nyumbani. Baraza la Masomo ya Nyumbani lilikuwa na swali moja lililolitesa: tutajuaje kama watoto hawa wanajifunza? Mitihani ilikuwa imekwisha kuchosha kila mtu. Zamoyoni akaja na jibu. Msimwulize mtoto anajua nini, aliwaambia, hesabuni anatazama nini na anasikiliza maelezo mpaka mwisho mara ngapi.

Baraza lililipenda jibu hilo kupita kiasi, na Baraza likipenda jambo hulifanya kanuni. Mtoto wa nyumbani apate wastani wa mitazamo arobaini kwa siku. Akipungukiwa mwisho wa muhula, idhini inafutwa na mtoto anapelekwa darasani. Hata mtoto wa aliyebuni hakusamehewa, na Zamoyoni mwenyewe ndiye aliyesisitiza asisamehewe, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa nyumba ya mfano. Ripoti yao ikipita siku ya Ijumaa, Kitazamio kingegawiwa kwa nyumba elfu arobaini kuanzia mwezi uliofuata.

Mwanzoni Salha alikuwa akipata mitazamo mia na zaidi kwa siku. Miezi mitatu sasa ilikuwa ikishuka. Themanini, hamsini, ishirini, kumi na moja. Hakuwa mgonjwa. Macho yalipimwa yakaonekana mazima. Alikuwa tu anatembea akitazama vidole vya miguu yake.

Leo ilikuwa Alhamisi, siku ya matembezi na ya mwisho ya muhula, na ili wastani wa muhula usianguke, alihitaji mitazamo mia mbili kabla jua halijazama.

Matembezi ya Alhamisi yalikuwa na sheria moja katika nyumba hiyo. Kila wiki mtu mmoja anachagua pa kwenda, na wengine hawaruhusiwi kulalamika mpaka warudi. Kwa sheria hiyo waliwahi kukaa siku nzima kwenye karakana ya matrela kwa sababu ilikuwa zamu ya baba, na waliwahi kula ndizi za kukaanga katika vibanda saba tofauti kwa sababu ilikuwa zamu ya Twaha, kaka yake Salha, mwenye miaka kumi na minne. Wiki hii ilikuwa zamu ya Salha, naye alikuwa amechagua mfereji ulio nyuma ya nyumba yao. Mama yake akaukataa. Mfereji hauna vitu mia mbili.

"Wiki ijayo utachagua mara mbili, mama," Zamoyoni alimwambia bintiye, kwa sauti ya mtu anayejua ameonea. "Leo twende Kolo, tukaone michoro ya mapangoni."

"Sawa," alisema Salha. Alikuwa na miaka tisa, na hiyo "sawa" yake ilikuwa inamkera mama yake kuliko ubishi.

Idrisa, baba yao, alifungasha chapati, mayai ya kuchemsha na chupa mbili za chai. Wakapanda gari-jua lao, ambalo hujiendesha lenyewe na kusimama tu likiona mbuzi, likashika njia ya kaskazini kuelekea Kondoa. Twaha alibandika uso dirishani. Yeye Kitazamio kilimfaa sana. Alitazama kila kitu, akasikiliza huku akitafuna, akasahau nusu yake kabla ya kona inayofuata.

"Salha, ona ule mlima," alisema. Alijua hali ilivyo na alitaka kusaidia. "Ona yule ndege. Ona ile nguzo."

"Nimeona, kaka," alijibu Salha, macho yakiwa magotini.

Zamoyoni alikodolea macho kibao chake. Sita. Saba. Akamwangalia mumewe, naye Idrisa akatikisa kichwa polepole, kumwambia amwache mtoto. Lakini angemwachaje? Miaka miwili nyuma Salha alikuwa darasani, pamoja na wenzake hamsini na wawili, na kila asubuhi alikuwa anatapika kabla ya kuvaa viatu. Muhula mzima haongei. Wakamrudisha nyumbani, na ilichukua miezi minne kabla ya kumsikia anacheka tena. Zamoyoni aliikumbuka siku ya kicheko hicho, alikuwa anakuna nazi na akaacha kukuna. Asingekubali kumrudisha mwanawe huko kwa sababu ya namba.

Kolo walifika saa nne. Waliuacha msitu mdogo chini, wakapanda kwa miguu kwa njia ya mawe, wakafika chini ya jabali kubwa lililoinama mbele kama upenu wa nyumba. Ukutani kulikuwa na michoro myekundu: watu wembamba warefu, wanyama, mistari iliyojipinda na vitu vingine ambavyo mtu hawezi kuvitaja kwa hakika. Idrisa alivua kofia bila kujua kwa nini. Twaha akaanza kutazama huku na huku, na Kitazamio chake kikawa hakipumziki.

Salha alikaa chini juu ya jiwe, akaupa ukuta mgongo.

Hapo uvumilivu ukamwishia mama yake. Saa tatu za safari, jabali la ajabu, na mtoto anatazama kamba za viatu. Kibao kilisoma tisa. Labda ni kioo cha Kitazamio, alijiambia, labda kimeshika vumbi na hakisomi mboni, kwa kuwa mhandisi akikosa raha hukimbilia kwenye vumbi. Akaenda akapiga magoti mbele ya bintiye.

"Hebu nikifute, mama. Kimechafuka."

Akakibandua, akageuka kwenye mwanga, akaanza kukifuta kwa pindo la khanga. Kifaa kikitolewa huzimika, na kukiwasha tena huchukua dakika nzima. Alipomgeukia Salha, mtoto hakuwa vile alivyomwacha. Alikuwa amegeuka mzima mzima juu ya jiwe, shingo ameinyoosha, anautazama ukuta. Midomo ilikuwa wazi kidogo. Kidole chake kilikuwa kinachora hewani, kikiufuata mstari mmoja mwekundu kutoka chini mpaka unapopotelea kwenye ufa.

Zamoyoni alimrudishia Kitazamio. Macho yakashuka.

Akakibandua tena. "Bado kina vumbi."

Macho yakapanda.

Ni kazi yake kutoamini jambo lililotokea mara moja, kwa hiyo alirudia mara ya tatu.

"Mama, bado ni kichafu?" aliuliza Salha, na katika sauti yake kulikuwa na tumaini ambalo lilimchoma mama yake.

"Bado kidogo." Akakaa chini kando yake, kifaa akakifumbata kiganjani. "Salha. Kwa nini hutazami kikiwepo?"

Juu kidogo, Twaha alikuwa anamweleza baba yake kitu kuhusu swala.

"Nikitazama, kinasema," Salha alijibu mwishowe.

"Si unapenda kujua mambo?"

"Napenda. Lakini kinasema kabla sijamaliza."

"Hujamaliza nini, mwanangu?"

"Kufikiri labda ni nini." Salha aliyavuta magoti yake. "Kikishasema, siwezi tena kufikiri labda. Inakuwa imeshakuwa. Kwa hiyo vitu vizuri sivitazami, navipita tu. Nikilala ndiyo navikumbuka, nafikiri mwenyewe."

"Miezi mitatu yote hukuniambia."

"Umekitengeneza wewe," alisema Salha. "Nilifikiri utahuzunika."

Zamoyoni alihuzunika kweli, na bado kulikuwa na swali moja alilotakiwa kuuliza.

"Unajua kwamba mitazamo isipofika utarudi darasani?"

"Najua. Nimehesabu, nikajua haitafika." Akauma mdomo. "Darasani naogopa. Lakini mwalimu akiuliza, huwa anasubiri kwanza."

Mtoto huyu aliyekuwa akitapika kila asubuhi alikuwa amepima mambo mawili, woga wa darasa na sauti ile ya upole, na akachagua woga. Alifanya hesabu hiyo peke yake, mezani pao, mbele ya uji, huku mama yake akitazama kibao.

Akakitia Kitazamio ndani ya kapu la chakula, katikati ya maganda ya mayai.

"Basi tazama," alisema.

Salha alitazama. Alitazama mtu mmoja mwembamba wa ukutani kwa muda ambao Twaha angeutumia kuumaliza mlima mzima. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akalala chali, akautazama mchoro kichwa chini. Zamoyoni alikuwa amesoma vitabu vinne kuhusu michoro ile, na maelezo yalimjaa mdomoni mpaka ulimi ukamwasha. Mara mbili alifungua kinywa, na mara mbili alikifunga. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Hakujua aangalie wapi, kwa hiyo alimwangalia mwanawe, na wakakaa hivyo mpaka chai ikaisha.

Jioni wakiwa njiani kurudi, Daftari la Macho lilijifunga. Kolo, muda wa saa tano na dakika kumi. Mitazamo kamili tangu saa nne na nusu asubuhi: sifuri.

Watoto walikuwa wamesinzia kiti cha nyuma. Zamoyoni alikuwa na kibao mapajani, na Idrisa alimwona kidole kikiwa kimesimama juu ya kioo, hakishuki wala hakiondoki.

"Unaweza kuijaza mitazamo mwenyewe?" Idrisa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nusu dakika tu. Hakuna atakayejua."

"Na Salha atabaki nyumbani."

"Atabaki. Na ripoti itapita." Alitazama barabara. "Halafu watoto wa nyumba elfu arobaini watajifunza kutazama chini, Baba Twaha, na mama zao watawapima macho wakidhani wanaumwa."

Idrisa alimshika mkono ule wenye kidole, akaushika mpaka taa za Dodoma zikaonekana.

Ijumaa asubuhi alikuja afisa wa Baraza, Bi Eliwaza Mmbaga, mwanamke mwenye haraka na viatu vya kelele. Salha akamwamkia, "Shikamoo," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu," bila kuinua uso. Akafungua Daftari sebuleni, akalipitia ukurasa baada ya ukurasa, akafika mwisho, akarudi nyuma kidogo.

"Mhandisi, hapa kuna kosa. Jana mlisafiri siku nzima, na tangu saa nne na nusu kifaa kimeandika sifuri."

"Si kosa. Nilikivua."

"Wewe? Siku ya mwisho ya muhula?" Bi Mmbaga aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda Zamoyoni. "Sikiliza, dada yangu. Naweza kuijaza siku hiyo kwa maelezo ya mzazi, kanuni inaruhusu. Lakini lazima unipe kitu. Mtoto alitazama nini, akajifunza nini. Sentensi mbili zinatosha."

Zamoyoni alijua sentensi za kusema. Angeweza kumpa ishirini, zote nzuri, na zote zingekuwa zake mwenyewe.

"Alitazama ukuta," alisema. "Alichojifunza sikijui."

"Hukumwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Mhandisi, wewe ndiye mwalimu wake."

"Ndiyo. Na sijui." Akamsogezea karatasi nyingine, aliyoiandika alfajiri, yenye kichwa cha habari kinachosema Kitazamio kisigawiwe, na chini yake jina lake. "Andika hivyo, Bi Mmbaga. Andika pia kwamba kifaa hakijaharibika. Kinafanya kazi kama nilivyotaka."

Bi Mmbaga aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akaandika polepole, kwa mkono, kwamba idhini imefutwa na kwamba mwanafunzi ataripoti darasani Jumatatu ya kwanza ya muhula.

Salha alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikuja akasimama karibu na kiti cha mama yake, akaegemea bega lake kwa uzito wake wote, akiiogopa Jumatatu.

"Mama," alisema, "nikuambie nilichofikiri kuhusu yule mtu wa ukutani?"

Zamoyoni alitamani kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutamani neno lolote. Akamshika mwanawe kiunoni.

"Umeshamaliza?"

Salha akafikiri.

"Bado," alisema.

"Basi nitasubiri."