Askari Mweusi wa Hilario

Abiria mwenye kapu la mihogo alimpiga kikumbo Hilario kituoni Kwa Mathias, na kete zake za sataranji zikamwagika vumbini. Msichana mwenye gauni la maua ya njano akainama kumsaidia kuokota.

"Farasi wako amekatika sikio," alisema.

"Aliumia vitani, dada. Anatafuta muuguzi."

Msichana alicheka hadi basi likamwacha. Ndivyo Genoveva, karani wa Kibaha, alivyofahamiana na Hilario, mwalimu wa hesabu wa Kisarawe, mwaka 1974. Jumapili Hilario alimfundisha sataranji. Jumatano alimpigia simu ofisini, akijifanya mteja mpaka acheke.

Cornel, kaka yake Genoveva, ndiye aliyemlea tangu baba yao afariki, na ndiye ambaye angepokea posa. Tena alikuwa bingwa wa sataranji pale Kibaha. Akipewa kete nyeupe, daima alianza kwa ule mwanzo maarufu uitwao wa Kihispania: anamtoa askofu mapema ambane farasi wa mweusi. Wengi walijilinda tu, wakaishia kusongwa. Hilario na rafiki yake Mfaume walikuwa wamefanyia mazoezi jibu kali kwa miezi mitatu. Katika hatua ya tatu mweusi anamsukuma mbele askari aliye kando ya yule wa mfalme, anamwacha mfalme wake wazi, kisha anashambulia.

"Kaka yako akimla askari huyo, kwisha," Hilario alimnong'oneza Genoveva. "Dawa yake ni kumtoa farasi wa pili, naye haijui. Tukicheza naye uwanjani Sabasaba, watu watamcheka."

Genoveva hakulala vizuri. Alimjua Cornel: asingempa dada yake mtu aliyemwaibisha hadharani. Siku mbili kabla ya Sabasaba, akimpigia pasi shati, alimweleza asimle askari yule, bali amtoe farasi wa pili kwa utulivu.

Cornel akafanya hivyo hivyo. Hilario alishindwa, na mbele ya umati akamgeukia Mfaume, mtu pekee aliyedhani angeweza kuitoa siri, akamwita msaliti. Mfaume alivaa kofia yake, akaondoka.

Genoveva alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Akanyamaza.

Alinyamaza wiki tano. Hilario alipompigia simu na kumlaumu Mfaume, aliitikia, "Pole, mpenzi." Cornel aliposema yuko tayari kupokea posa, Genoveva alijifungia chumbani akalia.

Mwishowe alipanda mabasi mawili hadi Kisarawe, akamkuta Hilario akisahihisha madaftari.

"Ni mimi niliyemwambia kaka."

Hilario aliweka kalamu chini. "Kwa nini?"

"Niliogopa kukukosa. Halafu nikaogopa kusema."

Hakumgombeza. Alichukua koti lake, wakaenda kwa Mfaume. Genoveva alipiga magoti, akaeleza yote. Mfaume akamwinua.

"Wewe, shemeji, ulikuwa na hofu. Nimekusamehe." Kisha akamtazama Hilario. "Lakini wewe umenijua tangu tukijifunza kusoma, na hukuniuliza hata swali moja."

Njiani Genoveva alimuuliza Hilario kama bado anamtaka.

"Nakutaka, Geno. Ila harusi isubiri mpaka Mfaume akubali kusimama nami."

Kila Ijumaa, Mfaume akitoka swala, Hilario alikwenda mlangoni kwake. Wiki ya saba akakaribishwa ndani. Januari Mfaume alisimama kando ya bwana harusi, akitabasamu. Lakini kila macho yake yalipokutana na ya Genoveva, bibi harusi aliinamisha kichwa.