Kilichogonga Ndani ya Tangi

Lori lilikohoa mara ya kwanza walipokuwa wameiacha Dongobesh nyuma, jua likiwa limebakiza upana wa kiganja juu ya vilima. Bonaventura akakanyaga mafuta. Lori likakohoa tena, likatetemeka kama ng'ombe mwenye homa, kisha likazima katikati ya mlima.

Kando yake, mke wake Marieta aliinua kichwa kutoka kwenye blanketi.

"Baba Genoveva, tumefika?"

"Bado kidogo, mama. Pumzika."

Haikuwa kidogo. Kufika Haydom kulibaki mwendo wa saa nzima na zaidi, na Marieta alikuwa akiumwa tumbo tangu usiku wa jana, upande wa kulia, maumivu ya kumkunja kama mtoto. Tabibu wa zahanati ya kijijini kwao, Daudi, alimbonyeza mara moja tu, akasema, "Mpeleke hospitali kubwa ya Haydom leo. Msisubiri basi la kesho." Gari jingine halikupatikana. Lilikuwepo lori lake tu, lori la miaka thelathini, la kubebea mahindi na vitunguu saumu.

Na lori nalo lilikuwa na ugonjwa wake.

Wiki tatu nyuma, tangi la dizeli lililiwa na kutu likaanza kuvuja. Fundi Renatus wa Haydom alimfungia jingine, alilolitoa kwenye lori lililouzwa kama chuma chakavu huko Basotu. "Lilipata ajali ndogo tu," Renatus alisema, bila kuinua macho. Tangu siku hiyo, maji. Kila baada ya siku mbili injini inazima, na Bonaventura akifungua nati ya chini ya tangi, maji yanatangulia kutoka kabla ya dizeli. Hayakuwa maji ya mvua. Yalinuka matope na samaki.

Alianza kwa kumshuku mwenye kituo cha mafuta. Akahama kituo. Maji yakaja. Akamshuku jirani waliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Akanunua kufuli, akalifunga tangi, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Maji yakaja. Mwishowe akaanza kumshuku Renatus mwenyewe, maana kila alipompigia simu kulalamika, fundi aliuliza swali lile lile.

"Yananuka?"

Bonaventura alishuka, akaweka mawe nyuma ya matairi, akaingia chini ya lori na ndoo. Akafungua nati. Maji yakatoka. Ndoo ikajaa, akaimwaga. Ikajaa tena, akaimwaga tena. Asubuhi ile alikuwa amejaza dizeli kwa mkono wake, kituo cha Mbulu mjini, akisimamia mpaka tone la mwisho. Sasa hapakutoka dizeli hata ya kuwashia kibatari.

Mwishowe tangi likakauka. Alilipiga kofi. Likalia tupu.

Aliangalia simu. Mtandao hakuna. Aliangalia barabara, juu na chini. Hata bodaboda moja haikuonekana.

Lakini dereva wa gari bovu hasafiri mikono mitupu. Nyuma ya kiti alikuwa na dumu la dizeli safi. Angelifunga juu ya kabini, angechomoa mipira ya mafuta kwenye tangi na kuiingiza dumuni, na injini ingekunywa kutoka huko mpaka Haydom. Alishawahi kufanya hivyo. Ni kazi ya robo saa.

Nati iliyobana mpira wa mafuta kwenye tangi ikagoma.

Akaongeza nguvu. Spana ikateleza, akachubuka mkono. Akaigonga kwa nyundo, akaipaka grisi, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Haikusogea hata unywele. Na nati hiyo alikuwa ameifungua juzi kwa vidole.

Kutoka kabini Marieta akatoa mlio mwembamba. Si kilio. Ni ule mlio mtu anaoutoa akiwa ameshachoka kulia.

Ndipo harufu ikazidi. Matope... samaki... kitu kilichokaa majini muda mrefu. Na maji alikuwa ameyamwaga mbali, yameshanywewa na vumbi.

Bonaventura akageuza kichwa.

Mwanamke alikuwa amesimama penye tairi la nyuma.

Hakumsikia akija. Alikuwa amejitanda kitenge mpaka kwenye paji la uso, umri wake haukusomeka. Kiangazi kilikuwa kikali, vumbi la mwezi wa kumi, lakini pindo la kitenge chake lilikuwa limeloa.

"Shikamoo mama," Bonaventura alisema, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

Mwanamke hakuitikia. Nchi ile, mtu mzima asiyeitikia shikamoo ni jambo la kumtia mtu baridi mgongoni.

"Halitafunguka," alisema kwa sauti ya chini. "Mpaka dereva wake aitike."

"Dereva ni mimi."

"Wewe ni dereva wa lori. Nasema dereva wa tangi."

Bonaventura alishika spana kwa nguvu. Ni Renatus na yeye tu waliojua kwamba tangi lile lilitoka kwenye gari jingine. Huyu katumwa na nani? Na kama katumwa, kwa nini aje leo, saa hii, na mgonjwa yuko ndani?

"Mama, unataka nini?"

"Mwite."

"Nani?"

"Gidamis."

"Simjui Gidamis. Mwite wewe."

"Mimi hanijibu," mwanamke alisema. "Nimemwita sana. Akisikia sauti yangu anaziba masikio. Niitie wewe. Mara tatu tu, halafu umpeleke mkeo."

Bonaventura hakuwa amemwambia kuwa ana mke ndani ya gari.

Alitaka kukimbia. Akimbilie wapi, na amwache nani? Marieta akalia tena, mara hii kwa kifupi, sauti ikakatika katikati kama kamba. Bonaventura akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka mdomo karibu na bati la tangi. Aliona aibu kama mlevi.

"Gidamis..."

Kimya.

"Gidamis."

Kimya. Upepo ukapita kwenye majani makavu ya mahindi.

"Gidamis!"

Ngo.

Ngo.

Ngo.

Kutoka ndani.

Tangi alilolikausha kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasikia maji yakichafuka humo ndani, mengi, kama ng'ombe anayeingia ziwani, na mtu akivuta pumzi ndefu... ndefu... bila kuitoa.

Kisha kukatulia.

"Ahsante," sauti ya mwanamke ilisema, karibu mno na sikio lake.

Bonaventura hakugeuka. Alishika nati, ikazunguka kwa vidole. Alichomoa mipira, akapanda juu ya kabini, akalifunga dumu, akapampu mafuta, akatoa hewa iliyoingia kwenye mipira, midomo ikikimbiza Salamu Maria bila kufika mwisho. Injini ikashika alipoiwasha mara ya kwanza tu. Alipokaa kwenye usukani akatazama kioo cha pembeni; penye tairi la nyuma hapakuwa na mtu. Marieta alikuwa amejisogeza mpaka mlangoni, macho wazi, akimtazama. Bonaventura alidhani ni maumivu.

Saa mbili usiku walikuwa Haydom, na saa tatu Marieta alikuwa chumba cha upasuaji. Kidole tumbo. Daktari alisema kilibakiza kidogo sana kupasuka.

Kulipokucha Bonaventura akaliendesha lori hadi gereji ya Renatus. Hakusalimia.

"Gidamis ni nani?"

Spana ikamponyoka Renatus. "Nani amekutajia jina hilo?"

"Nijibu kwanza."

Fundi akakaa juu ya tairi bovu, akajifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni dereva wa lile lori la Basotu," alisema. "Mwaka jana alimpa lifti mama mmoja aliyetoka mnadani. Lori likateleza, likaingia ziwani. Gidamis akatokea dirishani. Yule mama hakutoka. Watu waliokuwa ng'ambo wanasema alimshika Gidamis mguu, naye akamsukuma kwa teke ili apite. Yeye anakataa. Lori lilivutwa, mama hakupatikana mpaka leo. Mimi nilinunua vyuma, Mzee Bona. Sikununua maneno ya watu."

"Na huyo Gidamis yuko wapi?"

"Yupo Katesh. Mzima kabisa. Wiki iliyopita tumeongea."

"Mpigie."

Renatus alipiga. Simu ikapokewa, lakini Bonaventura aliona uso wa fundi ukibadilika kabla hajasema neno la pili. Alisikiliza, akatoa pole, akakata.

"Amepokea mdogo wake. Wanachimba kaburi." Akaiweka simu chini. "Jana jioni alikuwa mezani anakula. Akainua kichwa, akasema 'naam', akatoka nje kama mtu aliyeitwa. Walimkuta uani, amelala chali. Maji yanamtoka puani na mdomoni. Uani, Mzee Bona. Pakavu kabisa."

"Saa ngapi?"

"Jua linazama."

Walilifungua tangi, wakamulika ndani kwa tochi. Lilikuwa kavu kama kibuyu cha mwaka juzi. Halikunuka kitu.

Bonaventura alikaa na siri hiyo siku mbili. Siku ya tatu, Marieta alipoanza kunywa uji, aliinama karibu na kitanda chake.

"Mama Genoveva, yule mama wa mlimani... ulimwona?"

"Mama gani?"

"Aliyesimama kwenye tairi la nyuma."

Marieta aliweka kikombe chini polepole.

"Nilikuwa nakuangalia kwenye kioo cha pembeni," alinong'ona. "Ulikuwa peke yako. Ulipiga magoti, ukaita jina la mwanaume. Halafu ukaligonga tangi kwa mkono wako, mara tatu. Halafu ukasema ahsante." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Ila hiyo sauti, Baba Genoveva... haikuwa yako."

Bonaventura alitazama mkono wake. Vifundo vya vidole vilikuwa bado vimechubuka. Ni spana, alijiambia. Spana iliteleza.

Wamesharudi Daudi. Marieta amepona, anapika, anakwenda sala za jumuiya, anacheka na majirani. Lori limefungwa tangi jipya na halina shida. Hakuna aliyekuja kutoka Katesh kuuliza lolote.

Lakini Bonaventura akimwita mke wake kutoka zizini au shambani, haitiki. Zamani angesema "abee" kabla jina halijaisha. Siku hizi huacha anachokifanya, anatembea taratibu mpaka alipo mume wake, anamwangalia usoni kwa muda. Ndipo anauliza:

"Ni wewe uliyeniita?"